Paul Ngei na Mswada wa Siku Moja

Utangulizi

Mabunge yaliyorithi utaratibu wa Uingereza, likiwemo Bunge la Kenya, yana desturi ya kuusoma mswada mara tatu. Kwanza mswada huchapishwa katika gazeti rasmi la Serikali, kisha husubiri siku kumi na nne kabla ya kuletwa bungeni. Unaposomwa mara ya kwanza hutajwa jina tu. Unaposomwa mara ya pili wabunge hujadili madhumuni yake. Baadaye huingia katika hatua ya kamati, ambako hupitiwa kifungu kwa kifungu, neno kwa neno, na papo hapo mbunge anaweza kupendekeza kuongeza, kupunguza au kufuta. Mwishowe husomwa mara ya tatu, hupigiwa kura na kupelekwa kwa Rais ili autie sahihi.

Hatua hizi zinaweza kumchosha msomaji asiye na mazoea na mambo ya Bunge, lakini zina maana kubwa kwa mtu anayeishi mbali na Nairobi. Siku za kusubiri ni siku za habari kusafiri. Mswada unaomhusu mkulima wa Kathonzweni, mashariki ya Wote, unahitaji muda wa kumfikia, na yeye anahitaji muda wa kuuelewa, kuuzungumzia na jirani zake sokoni na kumtumia mbunge wake maoni. Muda huo ukiondolewa, mkulima hubaki kusikia redioni kwamba sheria imekwisha kubadilika.

Makala haya yanasimulia maisha ya Paul Joseph Ngei, mpigania uhuru, mfungwa wa Kapenguria, mbunge wa Kangundo na waziri wa miaka mingi, aliyefariki mwaka wa 2004. Mengi yamesemwa juu yake, hasa katika Ukambani, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko. Hapa tunadhamiria kuyatazama maisha hayo kupitia uhusiano wake na sheria za nchi. Tutaonyesha kwamba mara kadhaa sheria ilibadilika ikampisha, na mara moja ilikataa kumpisha. Kilele cha simulizi ni mswada wa Desemba 1975, ambao uliipitia safari yote tuliyoieleza hapo juu kwa muda wa siku moja.

Mjukuu wa Masaku

Ngei alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1923 katika eneo la Machakos. Ukoo wake unahusishwa na Masaku, mwaguzi na kiongozi mashuhuri wa Wakamba ambaye jina lake, kwa matamshi ya wageni, ndilo lililozaa jina la mji wa Machakos. Ngei alikuwa mjukuu wake, na katika maisha yake yote ya siasa nasaba hiyo ilikuwa mtaji. Hakuhitaji kujieleza alipopanda jukwaani. Jina la babu lilikuwa limekwisha kumtangulia.

Alikulia katika nyakati za misukosuko. Mwaka wa 1938, akiwa kijana wa takribani miaka kumi na mitano, Wakamba kwa maelfu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kupunguza mifugo yao kwa nguvu. Walikaa Nairobi kwa majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana, na hatimaye serikali ikalegeza amri ile. Tukio hilo liliwafunza Wakamba wa kizazi cha Ngei kwamba amri ya serikali si radi itokayo mbinguni. Yaweza kupingwa na ikarudi nyuma.

Ngei alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, akatumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akasoma Makerere. Aliporejea aliingia katika uandishi wa habari na siasa kwa wakati mmoja. Alihusika na gazeti la Kikamba lililoitwa Wasya wa Mukamba, yaani Sauti ya Mkamba, na akawa miongoni mwa viongozi wa Kenya African Union, KAU. Kwa wanafunzi wa lugha jambo hili lina uzito. Kabla ya kuwa mtu wa vyeo, Ngei alikuwa mtu wa maneno yaliyochapishwa, aliyejua kwamba siasa isiyomfikia mtu kwa lugha yake haimfikii kabisa.

Kapenguria na Lokitaung

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa KAU. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Achieng Oneko na Paul Ngei. Ngei ndiye aliyekuwa Mkamba pekee kati yao, na hata wakati huo ushiriki wake uliwapa watu wa Machakos nafasi katika simulizi la uhuru ambalo vinginevyo lingeonekana kuwa la Mlima Kenya peke yake. Mnamo Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu.

Walipelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini ya Turkana. Maisha ya gerezani yaliwagawanya wafungwa wale. Kenyatta, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake wote, alitengwa na baadhi yao, na ugomvi ulizuka zaidi ya mara moja. Ngei alisimama upande wa mzee. Inasimuliwa kwamba alimkinga Kenyatta aliposhambuliwa na mfungwa mwenzao, na pia kwamba aliwahi kujitolea kupigwa viboko ili mzee asipigwe. Hata tukiyapunguza masimulizi haya kwa kadiri ya chumvi inayotiwa katika hadithi za mashujaa, jambo moja linabaki: Kenyatta alitoka gerezani akiwa na deni kwa Ngei, na wote wawili walilijua.

Walifunguliwa mwaka wa 1961. Hapo sheria ikajitokeza kwa mara ya kwanza kama mlango uliofungwa. Kanuni za wakati ule zilimzuia mtu yeyote aliyewahi kufungwa kwa zaidi ya miaka miwili asiingie katika Baraza la Kutunga Sheria. Kanuni hiyo ilibadilishwa, na mnamo Januari 1962 Kenyatta akaingia barazani kwa kiti cha Fort Hall, baada ya Kariuki Njiiri kumwachia. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya Kenyatta ulifunguka pia kwa waliokuwa gerezani naye. Badiliko lile lilikuwa la haki, kwani liliondoa dhuluma ya mkoloni aliyewafunga watu kwa siasa zao kisha akawanyima siasa kwa sababu walifungwa. Hata hivyo, lilitoa funzo ambalo halikusahaulika: kizuizi cha kisheria kinachomkabili mtu mkubwa kinaweza kuondolewa kwa kuibadilisha sheria yenyewe.

Chama chake, na njia ya kurudi

Ngei hakukubali kuwa nyuma katika KANU. Alipoona kwamba nafasi yake na ya Wakamba ndani ya chama hicho haimridhishi, alijitoa mwaka wa 1962 akaunda African People's Party, APP, na kukipeleka Ukambani. Katika uchaguzi wa Mei 1963 chama hicho kilipata viti vinane katika Baraza la Wawakilishi na kushirikiana na KADU. Miezi michache baadaye, mnamo Septemba 1963, Ngei alikivunja na kurejea KANU pamoja na wafuasi wake.

Hakuna aliyemtaka arudi kwa wapiga kura kuomba idhini mpya, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Tunaligusia jambo hili kwa sababu ya yaliyofuata. Mwezi wa Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU kuunda Kenya People's Union, KPU, mswada wa kubadilisha Katiba uliletwa haraka bungeni na kupitishwa katika siku chache. Sheria hiyo mpya ilisema kwamba mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake. Ukafuata uchaguzi mdogo wa 1966, na Bildad Kaggia, aliyelala sakafu moja na Ngei kule Lokitaung, akapoteza kiti chake cha Kandara. Wafungwa wawili wa Kapenguria walikihama chama. Mmoja alirudi akapewa cheo. Mwingine alitungiwa sheria iliyomtoa bungeni. Wahenga husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu ulikata upande mmoja.

Mahindi ya 1965

Baada ya kurejea KANU, Ngei alikabidhiwa uenyekiti wa bodi ya kuuza mahindi, na Kenya ilipokuwa Jamhuri mnamo Desemba 1964 aliteuliwa Waziri wa Ushirika na Masoko. Mwaka wa 1965 mvua zilikatika. Kenya, ambayo muda mfupi tu kabla ya hapo ilikuwa ikiuza mahindi nje, ililazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani. Nyanda za chini za Ukambani, ambazo hupata mvua kwa shida hata katika miaka ya kawaida, ziliumia zaidi.

Kathonzweni ilikuwa katika nyanda hizo. Wakati ule hapakuwa na wilaya ya Makueni. Iliundwa mwaka wa 1992. Sehemu yote hiyo ilikuwa ya Machakos, na wakazi wake wengi walikuwa familia zilizotoka milimani kwenye msongamano, zikahamia katika mpango wa makazi ulioanzishwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vichaka vyenye mbung'o vilipofyekwa. Walikuwa wakulima wa ardhi mpya yenye mvua haba. Kwao waziri wa masoko hakuwa mtu wa magazetini. Uamuzi wake juu ya nani auziwe gunia, wapi na kwa bei gani ulifika hadi kwenye chungu.

Katika hali hiyo yalizuka madai kwamba biashara zilizohusiana na familia ya waziri zilipata mahindi nje ya utaratibu wa bodi. Wabunge walipiga kelele, na Serikali ikaunda Tume ya Uchunguzi wa Mahindi chini ya uenyekiti wa Jaji Chanan Singh. Ngei aliwekwa kando mwaka wa 1966 uchunguzi ukiendelea. Hakukaa nje kwa muda mrefu. Mwaka huo huo alirejea katika Baraza la Mawaziri, safari hii akisimamia nyumba. Haki yatutaka tuseme kwamba hakutiwa hatiani na mahakama yoyote kwa jambo hilo. Haki hiyo hiyo yatutaka tuseme kwamba wenye njaa hawakuwahi kupewa jibu lililowatosheleza.

Mwaka wa 1975

Ili kuuelewa mswada wa Ngei, ni sharti kwanza tuutazame mwaka wenyewe. Mnamo Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliuawa. Bunge liliunda kamati teule, ikiongozwa na Elijah Mwangale, kuchunguza mauaji hayo. Kamati ilifanya kazi kwa ujasiri, ikaleta taarifa yake mwezi wa Juni, na Bunge likaipokea kwa kura ingawa Serikali haikutaka. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura upande wa taarifa hiyo na akafutwa kazi. Hapo kamati ya Bunge ilionyesha nguvu ambayo kamati inaweza kuwa nayo pale inapopewa muda na wanachama wake wanapokuwa na ujasiri.

Ujasiri huo ulilipiwa. Tarehe 15 Oktoba 1975 Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Waliobaki walielewa. Bunge la Desemba 1975 lilikuwa na viti vilevile na kanuni zilezile, lakini sauti zilikuwa zimepungua.

Mwaka huo huo mahakama ilikuwa imelishughulikia lalamiko la uchaguzi kutoka Kangundo. Ngei alikuwa ameshinda katika uchaguzi mkuu wa 1974, lakini ushindi wake ukapingwa, na Mahakama Kuu ikamwona na hatia ya kosa la vitisho katika uchaguzi. Alipoteza kiti na kwa hivyo uwaziri. Zaidi ya hayo, sheria ilimzuia aliyepatikana na kosa la namna hiyo asigombee tena kwa miaka mitano. Kwa mwanasiasa wa miaka hamsini na miwili, kungojea miaka mitano ni sawa na kuzikwa.

Rais alikuwa na uwezo wa kusamehe. Hata hivyo, uwezo huo kama ulivyoandikwa katika Katiba ulihusu adhabu za makosa ya jinai. Haukufika kwenye kizuizi kilichotokana na uamuzi wa mahakama ya uchaguzi. Palikuwa na njia mbili tu. Ngei angengojea, au Katiba ingebadilishwa.

Safari ya mswada

Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alileta bungeni mswada wa kubadilisha Katiba. Ulikuwa mfupi. Ulipanua uwezo wa Rais wa kusamehe ili uweze pia kuondoa kizuizi cha kugombea kilichotokana na kosa la uchaguzi. Jina la Ngei halikuwamo. Miswada ya namna hii haitaji majina. Husema mtu yeyote, ingawa kila aliyeketi ukumbini alijua mtu yeyote huyo alitoka Kangundo.

Tuilinganishe sasa safari yake na safari ya kawaida. Zile siku kumi na nne za kusubiri zilipunguzwa zikawa si kitu. Kusomwa mara ya kwanza, kusomwa mara ya pili, hatua ya kamati na kusomwa mara ya tatu vilifuatana kwa siku moja. Kubadilisha Katiba kulihitaji kura za asilimia 65 ya wabunge wote, na kura hizo zilipatikana bila upinzani wa maana. Kamati ya Bunge zima, ambayo kazi yake ni kukichokonoa kila kifungu, haikuchokonoa. Mswada huo ukawa Sheria Nambari 14 ya 1975. Rais Kenyatta akautumia uwezo wake mpya, akamsamehe Ngei, na mwaka wa 1976 Ngei akarudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo, kisha katika Baraza la Mawaziri.

Liko jambo moja ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatupaswi kulipita. Mnamo Julai 1974 Rais Kenyatta alikuwa ameagiza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na Katiba ikarekebishwa kwa ajili hiyo. Kwa hivyo mwaka wa 1975 wabunge walijadiliana kwa Kiswahili. Miswada yenyewe, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kusemea, Kiingereza kikawa lugha ya kutungia sheria. Mbunge alisimama akazungumza kwa lugha ambayo mama mboga angeielewa, juu ya maandishi ambayo mama mboga asingeweza kuyasoma. Mwaka wa 1979 Kiingereza kilirudishwa katika mijadala pia, na jaribio lile likafifia.

Hatua ya kamati ndiyo iliyoathirika zaidi na mgawanyo huu wa lugha. Hotuba ya jumla inaweza kutolewa kwa lugha yoyote, lakini kukipitia kifungu neno kwa neno kunadai kwamba msemaji na maandishi wawe katika lugha moja. Kamati inapouliza kama neno fulani linamaanisha lazima au hiari, haiwezi kupata jibu katika Kiswahili ikiwa neno lenyewe ni la Kiingereza. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoupitisha mswada wa Ngei. Woga wa Oktoba na matakwa ya Rais vilitosha. Tunasema kwamba hata kama mbunge angekuwa na ujasiri, na hata kama siku kumi na nne zingeheshimiwa, mwananchi wa kawaida wa Kathonzweni angeuona mswada ule kama barua iliyofungwa.

Deni na gharama yake

Je, Kenyatta alikosea kulilipa deni lake? Kwa utu, mtu aliyekukinga kifuani pake hasahauliki, na jamii zetu humlaumu asiyejua kushukuru. Hapa ndipo maisha ya Ngei yanapotuletea swali gumu. Kenyatta angeweza kulilipa deni kwa shamba lake, kwa fedha zake au kwa urafiki wake. Alililipa kwa Katiba, ambayo haikuwa yake. Waliotoa gharama ni wapiga kura wa Kangundo ambao mahakama ilikuwa imewalinda dhidi ya vitisho, na ulinzi wao ukaondolewa kwa siku moja.

Aidha, deni hilo halikulipwa kwa wote waliofungwa pamoja. Kaggia tumekwisha kumtaja. Achieng Oneko alitiwa kizuizini mwaka wa 1969 na serikali ya mfungwa mwenzake, akatoka mwaka wa 1975, mwaka ule ule ambao Ngei alifanyiwa mswada. Katika mwaka mmoja, mfungwa wa Kapenguria aliyempinga Rais aliachiliwa baada ya miaka sita, na yule aliyemtii aliokolewa kwa siku moja.

Ngei mwenyewe alionekana kulipenda funzo hilo. Mwaka wa 1976 alikuwa miongoni mwa waliounga mkono kampeni ya kubadilisha Katiba ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asishike madaraka moja kwa moja endapo Rais angefariki. Mnamo Oktoba mwaka huo Njonjo alionya kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa linaloweza kumpeleka mtu mahakamani, na kampeni ikazimika. Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Moi alishika madaraka kama Katiba ilivyosema. Kwa ustadi wake wa siasa, Ngei alibaki katika Baraza la Mawaziri.

Mlango uliokataa kufunguka

Katika miaka ya 1980 Ngei alihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine. Aliendelea kuwa kipenzi cha wengi. Visa vyake vya magari aliyoyachukua madukani na kuchelewa kuyalipia, au kutoyalipia kabisa, vilizunguka vikawa ngano. Katika ngano hizo Ngei ni kama sungura: hodari, mcheshi, anayewahadaa matajiri, na msikilizaji hucheka akiwa upande wake. Mtafiti wa fasihi simulizi atagundua hapa kwamba jamii inapomgeuza kiongozi kuwa sungura, humsamehe mambo ambayo isingemsamehe jirani.

Mahakama haikucheka. Madeni yalipolimbikizana, Ngei alitangazwa kuwa mufilisi mwaka wa 1990. Katiba ilisema kwamba mufilisi hawezi kuwa mbunge, na asiye mbunge hawezi kuwa waziri. Safari hii hapakuwa na mswada. Kenyatta alikuwa amefariki, Moi hakuwa na deni la Lokitaung, na hakuna aliyesimama bungeni kupendekeza kwamba Rais apewe uwezo wa kumfuta mtu ufilisi. Sheria iliyopinda kwa siku moja mwaka wa 1975 ilisimama wima miaka kumi na mitano baadaye. Mtu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa Ikulu.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Kisukari kilimdhoofisha, akawa wa kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 15 Agosti 2004. Taifa lilimwomboleza kama mmoja wa wale sita wa Kapenguria, na kwa hilo lilikuwa na haki. Siku ya kukamatwa kwao, tarehe 20 Oktoba, iliyoitwa Siku ya Kenyatta, iligeuzwa na Katiba ya 2010 kuwa Siku ya Mashujaa, na kwa hivyo Ngei naye anakumbukwa kila mwaka.

Hitimisho

Wahenga walisema, Mgala muue na haki umpe. Ngei alifungwa miaka kwa ajili ya uhuru wa Kenya, na hakuna hesabu ya magunia wala madeni inayoweza kuifuta miaka hiyo. Haki hiyo tumempa. Lakini maisha yake yanatufunza pia kwamba sheria inayobadilishwa kwa haraka ili imfae mtu mmoja haimwachii hata mtu huyo kinga ya kudumu. Iliyopindwa na rafiki hunyooka rafiki akiondoka.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuufunga mlango uliotumika mwaka wa 1975. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria na katika kazi za kamati zake. Kuibadilisha Katiba yenyewe kumewekewa muda: mswada wa mabadiliko ukisomwa mara ya kwanza, siku tisini lazima zipite kabla ya kusomwa mara ya pili. Leo mkazi wa Kathonzweni ana haki ya kuitwa mkutanoni na kuulizwa anauonaje mswada. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Bunge lina hata tafsiri ya Kiswahili ya Kanuni zake za Kudumu.

Pamoja na hayo, mswada unaopelekwa katika mikutano hiyo kwa kawaida huwa umeandikwa kwa Kiingereza, na afisa aliyetumwa huutafsiri papo kwa papo kwa kadiri ya uwezo wake. Muda umerudishwa, lugha bado. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Istilahi za sheria, tafsiri za miswada na muhtasari wa vifungu kwa Kiswahili sanifu si mambo ya kungojea taasisi kubwa. Wanafunzi na wahadhiri wa idara zetu wanao ujuzi wa kuyaanza sasa, mswada mmoja baada ya mwingine. Mwananchi akishakuwa na siku tisini pamoja na maandishi anayoyasoma mwenyewe, itakuwa vigumu kwa mswada mwingine wa siku moja kupita bila yeye kujua umetungwa kwa ajili ya nani.